Mtani Wangu wa Isevya

Tulipotoka kambi ya wakimbizi wa Burundi kuhamia Isevya, hapa Tabora mjini, majirani walitupokea kwa upole ulionichosha. Habari za asubuhi, karibuni wageni, basi. Hakuna aliyenitania, na Mnyamwezi asiyekutania bado hajakuzoea.

Tamasha la ngoma za makabila ndilo lililovunja upole huo. Vijana wetu waliingia uwanjani wakipiga ngoma walizobeba kichwani. Mama mmoja wa Kinyamwezi, jirani yangu, akanipigia kelele mbele ya watu: "Mnabeba ngoma kichwani kwa kuwa humo ndani hamna kitu!"

Nikamjibu: "Afadhali sisi, ngoma ni zetu. Babu zenu walibeba pembe za ndovu za wenzao mpaka pwani!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tukawa watani.

Mama yangu alipofariki, yule jirani alijifunga kanga ya marehemu, akaigiza mwendo wake wa kuchechemea katikati ya msiba, kama watani wafanyavyo. Ndugu zetu waliokuja kutoka kambini walikasirika, wakataka atolewe.

"Mwacheni," nikasema. "Huyu ni wa kwetu. Wageni hapa ni nyinyi."