Funga Hicho Kidirisha

Ripoti ilikuwa imeshaandikwa. Kilichobaki ni saini ya Mbishi.

"Weka tu jina lako hapo chini," bosi alimwambia, amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa kama mtu aliyekuwa akipita tu. "Kliniki wanaisubiri kesho mchana."

Mbishi aliisoma pale pale. Ilisema kwamba mfumo wa miadi uliotengenezwa na kampuni umechunguzwa na kukutwa hauna hitilafu. Kwamba wagonjwa wawili wawili waliopangiwa saa ile ile kwa daktari mmoja walipangwa hivyo na mtumishi wa mapokezi. Kwamba mtumishi huyo ameshaelekezwa mara nyingi namna ya kuutumia mfumo. Lugha yake ilikuwa safi, haina tusi hata moja. Maana yake ilikuwa kwamba mama mmoja, ambaye Mbishi alimjua kwa sauti ya simu tu, angepoteza kazi kabla ya wiki kwisha.

"Nani amechunguza?"

"Profesa."

"Amechunguzia wapi?"

"Hapa hapa, mezani kwake. Kwake inafanya kazi."

"Mimi sijaona kitu, bosi. Siwezi kusaini nisichokiona."

"Dada, hukuombwa uone. Umeombwa usaini. Si wewe uliyeshika meza ya malalamiko?"

"Ndiyo. Na lalamiko hili bado liko mezani."

Bosi aliachia kitasa. "Kesho mchana," alisema, akaondoka.

Ofisi hiyo iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mapazia hayafunguliwi, maana jua likiingia skrini hazisomeki, na nyaya zimetambaa sakafuni hadi mgeni hushauriwa anyanyue miguu. Humo ndani wanatengeneza mifumo inayofanya kazi ndani ya kivinjari: mtu haweki programu yoyote kwenye kompyuta yake, anafungua tu ukurasa kama anavyofungua gazeti, na kazi inaanza. Wateja wao ni shule, maghala, na kliniki moja ya meno.

Kila ofisi ina tabia zake. Ya hapa ilikuwa na jibu moja lililoandikwa tayari, ambalo mshika meza ya malalamiko alilituma kwa kubonyeza mara moja tu: *Tafadhali safisha kumbukumbu ya kivinjari chako, kisha ujaribu tena.* Waliliita dawa ya kwanza. Hakukuwa na dawa ya pili. Mteja akilalamika kwamba ukurasa hauonyeshi kitu, dawa ya kwanza. Kitufe hakibonyezeki, dawa ya kwanza. Na kwa kuwa mara nyingi tatizo liliondoka, lalamiko lilifungwa kwa neno "limetatuliwa," na kila mtu akarudi kwenye chai yake.

Mama wa mapokezi wa kliniki ya meno alikuwa amemezeshwa dawa hiyo mara nyingi kuliko mteja mwingine yeyote. Malalamiko yake yote yalikuwa yameandikiwa "limetatuliwa," na sasa orodha hiyo ndefu ndiyo iliyokuwa ikitumika kumkandamiza: mtu gani huyu asiyejifunza?

Mbishi hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na shangazi yake utotoni, siku alipokataa kuomba radhi kwa sahani iliyovunjwa na paka, akakaa mlangoni hadi paka akarudia kosa mbele ya watu. Lakini ubishi wenyewe aliurithi kwa mama yake, fundi cherehani wa sare za shule. Mteja akirudisha shati akisema linambana, mafundi wengine wa mtaa ule walimwambia amenenepa. Mama yake alikuwa na maneno mawili tu: "Ivae nione." Mtoto alivaa, mama akazunguka, akatazama bega, akamwambia anyanyue mkono kama anayejibu swali darasani. Hapo ndipo kosa lilipojitokeza, maana shati lililotundikwa halibani mtu.

Mbishi alisoma chuo, akapata cheti chake cha kompyuta, akajifunza lugha zote za kuandikia kurasa. Hakuna hata somo moja kati ya hayo lililomwambia jambo ambalo hakuwa amelisikia kwenye cherehani ya mama yake.

Asubuhi hakwenda ofisini. Alikwenda kliniki.

Mama wa mapokezi, ambaye kliniki nzima inamwita Mama Pacha, alimpokea kwa jicho kali juu ya miwani. Kaunta yake ilikuwa nadhifu mno: kalamu zimelala sambamba, kitambaa cha kufutia skrini kimekunjwa pembe nne.

"Ndiwe wa kompyuta?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunifukuza ukiwa umekaa au umesimama?"

"Nimekuja kutazama."

"Kutazama nini?"

"Unavyofanya kazi. Sitagusa kitu."

"Wenzio wakija hawatazami. Wananipokonya kipanya kama wananipokonya kisu." Alivuta kiti cha ziada kwa mguu. "Kaa basi, mwanangu. Leo wagonjwa watapigana, utaona mwenyewe."

Mpangilio ulikuwa mwepesi kuelewa. Mgonjwa mwenye simu hujipangia miadi akiwa nyumbani. Asiye nayo huja kaunta, na Mama Pacha humtafutia nafasi kwenye orodha ya siku. Nafasi ikiwa imeshachukuliwa, ukurasa unatakiwa kutoa onyo jekundu. Hauzuii, unaonya tu, kwa sababu kliniki yenyewe iliomba iachiwe njia ya kumpachika mgonjwa wa dharura juu ya mwingine.

Mbishi aliweka kompyuta yake ndogo magotini, akafungua orodha ile ile. Kisha, kwa mazoea, kama dereva anavyofunga mkanda, akafungua kidirisha cha uchunguzi. Hicho ni kipande kinachochomoza chini ya ukurasa na kumwonyesha fundi yanayoendelea ndani: nini kimeombwa kwenye seva, ile kompyuta kuu inayotunza taarifa, nini kimeletwa, nini kimekwama. Pale ofisini kidirisha hicho huwa wazi kutwa, kwa kila mtu. Kukifunga ni sawa na daktari kuvua koti kazini.

Alitazama. Mama Pacha alifanya kazi polepole lakini bila kukosea hatua. Aliuliza jina, alifungua kadi ya mgonjwa, alirudi kwenye orodha, alichagua nafasi, alihifadhi. Hakubonyeza kitu mara mbili, wala hakuruka chochote. Saa zilikwenda, na skrini mbili zilionyesha mambo yale yale. Mbishi alianza kuhisi joto la aibu shingoni. Labda Profesa alikuwa sahihi.

Ndipo akaja mzee mmoja ambaye shavu lake lilikuwa limevimba hadi jicho linakaribia kufunga. Mama Pacha alimfungulia kadi, akarudi kwenye orodha.

"Saa tano iko wazi, baba. Nikuweke?"

Mbishi naye aliifungua upya orodha kwenye skrini ya magotini. Kwake, saa tano ilikuwa imejaa. Binti fulani alikuwa amejipangia kwa simu muda mfupi uliopita.

"Mama," alisema, "usiguse."

"Nimekosea nini tena?"

"Hujakosea. Usiguse tu."

Mama Pacha aliinama, akatazama skrini ya Mbishi, kisha yake, kisha ya Mbishi tena. "Ehee!" alisema, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. "Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi? Ngoja nisafishe." Na mkono wake ulikuwa tayari umekwenda kwenye kipanya, maana ndivyo alivyofundishwa.

"Ukisafisha, mama, nakung'ata huo mkono."

Mkono ukabaki hewani. Mzee mwenye shavu aliuliza, kwa tabu, kama kuna mtu atakayemng'oa jino au la.

Hapo ndipo Mbishi alipoelewa kwa nini orodha ya malalamiko ilikuwa ndefu vile. Kila mara mama huyu alipokutana na kosa, aliagizwa asafishe; na kila aliposafisha, alifuta ushahidi wake mwenyewe. Ukurasa ukapona, fundi akaingia akakuta ni mzima, akaandika "limetatuliwa."

Lakini kwa nini kosa liko kwenye skrini moja na haliko kwenye nyingine? Mbishi alizitazama zote mbili: kivinjari kile kile, ukurasa ule ule, mtandao ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu, na ilikuwa mbele ya pua yake. Chini ya ukurasa wake kulikuwa na kidirisha.

Ndani ya kidirisha hicho kuna kijisanduku ambacho mafundi wote wa ofisi yake hukitia alama siku ya kwanza ya kazi na kukisahau. Kinakiambia kivinjari kisitumie nakala yoyote ya zamani kiliyojiwekea, kiombe kila kitu upya kutoka kwenye seva. Agizo hilo linafanya kazi kidirisha kikiwa wazi tu.

Akakifunga. Akafungua orodha, akatoa simu mfukoni, akajipangia miadi ya saa nane kwa jina la kubuni. Akafungua kadi ya mgonjwa mmoja, akarudi kwenye orodha kama Mama Pacha anavyorudi.

Saa nane ilikuwa nyeupe, tupu, ikimkaribisha.

Alipiga picha skrini zote mbili. Kisha akampigia Profesa.

Profesa si profesa. Aliitwa hivyo kwa sababu hawezi kueleza jambo, hata njia ya kwenda chooni, bila kuchora ubaoni. Ni fundi hodari na hana roho mbaya. Ndiye aliyeuandika mfumo wa miadi, na anaupenda kama mtu anavyopenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

"Kaka, fungua orodha ya kliniki."

"Nimefungua. Kwangu inafanya kazi."

"Funga hicho kidirisha."

"Kidirisha gani?"

"Hicho cha chini. Unachokaa nacho kutwa."

"Nikikifunga nitaonaje tatizo?"

"Kifunge ndipo utaliona."

Mlio wa kubonyeza.

"Sasa nenda kwenye kadi yoyote. Mimi huku najipangia miadi ya saa tisa. Nimemaliza. Rudi kwenye orodha. Saa tisa ikoje?"

Mbishi alisikia kiti cha Profesa kikilia.

"Tupu," alisema hatimaye. Kisha, taratibu: "Ni ile kazi niliyofanya ya kuharakisha ukurasa. Nilikiambia kivinjari kiitunze orodha kwa muda. Nikaijaribu... nikaijaribu sana tu, dada."

"Kidirisha kikiwa wazi."

"Kikiwa wazi," Profesa alikiri.

Habari ilimfikia bosi kabla Mbishi hajarudisha simu mfukoni. Ikalia tena mkononi mwake.

"Kazi nzuri," bosi alisema haraka haraka. "Sasa usimwonyeshe mteja kitu. Rudi ofisini. Profesa atarekebisha leo hii, kimya kimya, na ripoti tutailainisha. Tutasema pande zote mbili zilikuwa na upungufu."

"Upungufu wa mama huyu ni upi?"

"Usianze."

"Nitajie mmoja, bosi. Nimekaa nyuma yake asubuhi nzima, sijauona."

"Mambo ya mtumishi wao ni yao."

"Tulipoandika kwamba kosa ni lake, yalikuwa yetu."

Msimamizi wa kliniki alikuwa amesimama mlangoni kwake, amevutwa na kelele za mzee mwenye shavu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na ndiye aliyekuwa akiisubiri ile ripoti. Mama Pacha alimwona, akanyoosha kalamu zake ambazo tayari zilikuwa zimenyooka.

"Nakwambia kwa mara ya mwisho," sauti ya bosi ilisema. "Ukimwonyesha, hiyo meza ya malalamiko uisahau."

"Nimekusikia," Mbishi alijibu. Akakata simu, akamgeukia msimamizi. "Mama, nimekuja na ripoti, ila haijaandikwa. Njoo uone."

Aliirudia kazi yote mbele yake, hatua kwa hatua: skrini yenye kidirisha, skrini isiyo nacho. Msimamizi alitaka arudie. Akarudia. Mara ya tatu msimamizi alishika kipanya mwenyewe, akampangia mtu asiyekuwepo juu ya mtu aliyekuwepo, na hakuna onyo lolote lililotokea.

"Kwa hiyo hata mimi ningekosea," alisema.

"Hata sisi tulioitengeneza."

Simu ilianza kulia tena juu ya kaunta. Mama Pacha aliichungulia. "Bosi wako."

"Namsikia."

"Hupokei?"

"Nina mgonjwa." Akamwonyesha mzee. "Mtafutie baba nafasi ya kweli, mama. Saa sita hii hapa, nimeihakikisha."

Profesa alirekebisha mfumo siku hiyo hiyo. Ulikuwa mstari mmoja. Ripoti Mbishi aliiandika mwenyewe na kuisaini mwenyewe. Ilikuwa fupi, na sentensi yake ya kwanza ilisema: "Kosa ni letu." Mama Pacha yuko kwenye kaunta yake hadi leo, na mafundi wakija hawashiki tena kipanya chake bila ruhusa.

Bosi naye alitimiza ahadi. Mbishi alinyang'anywa meza ya malalamiko, akapewa kurasa za matangazo ya wauza fanicha. Lakini kabla ya kuiachia aliingia kwenye mfumo wa majibu, akaifuta dawa ya kwanza, na mahali pake akaandika: *Usiguse chochote. Tunakuja tuone.*

Bosi ameshamwita mara kadhaa kuhusu hilo.

"Irudishe."

"Sirudishi."

"Watu watatuita kila siku!"

"Basi tutakwenda kila siku."

Nenosiri la mfumo huo analijua Profesa pia, na angeweza kuirudisha kabla chai haijapoa. Bosi alimwomba. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema ana kazi nyingi wiki hii. Kidirisha chake kilikuwa kimefungwa.