Nililiinua Gari, Mama Mkwe Akashindwa Kushuka

Mhariri, tafadhali usiandike jina langu. Kosa ni langu, lote, wala simsingizii mtu. Najua hapa Kakamega wengi watanitambua, maana hadithi yenyewe imeshafika sokoni kabla ya barua hii.

Tulipopata Uhuru, mzungu mmoja wa msituni alifunga mizigo akarudi kwao. Mimi, karani mdogo wa kilimo, nikanunua Landrova yake kuukuu. Jamani, nilijiona! Gari lilikuwa zima, ila tumbo lilikuwa chini mno kwa njia zetu. Kila nilipokwenda kwa wakulima kupitia msituni, lilikaa juu ya tuta la matope katikati ya njia, magurudumu yakizunguka bure.

Fundi Makokha wa Shirere aliongeza jani moja la chuma kwenye kila springi, gari likapanda inchi mbili. Inchi mbili tu! Likawa linapita matutani bila kugusa, na asubuhi linanipeleka ofisini bila taabu. Ningeishia hapo, leo ningekuwa na mke nyumbani.

Lakini ile raha ya kuwatazama watu utosini! Wiki ya pili nikamrudia fundi nikitaka inchi nne zaidi. Akakataa. Nikaenda kuchonga mwenyewe vipande vya mvule vya kuweka kati ya springi na ekseli, nikampelekea.

"Mbao tunawekanga kwa mlango, karani, si kwa gari," akasema, lakini akanifungia shingo upande. "Basi nikuwekee ngazi ya kupandia?"

"Ngazi ya nini? Hili ni gari la wanaume!"

Ee Mungu wangu, mdomo huu!

Mwezi uliofuata ukawa ubatizo wa binti yetu wa kwanza. Alikuwa anapewa jina la marehemu mama yake mama mkwe, na mama mkwe ndiye angempakata mpaka kwenye maji. Alikuwa bado hajamwona mjukuu wake. Rosa, mke wangu, aliniomba jambo moja tu: nimlete mama yake mapema. Jumapili asubuhi nikaenda Malava kumchukua.

Sasa, ninyi wa huku mnajua. Mwanamume hamshiki mama mkwe wake hata mkono. Hamtazami usoni, sembuse mguu. Kukaa naye kiti cha mbele? Haiwezekani! Basi ilibidi apande kwa nyuma, na sakafu ya nyuma sasa ilimfika kifuani. Mama mkwe ni mtu wa mwili, na gauni lake la kanisani lilikuwa la kubana. Baba mkwe alikuwa ametangulia kwa baiskeli. Aliyebaki naye ni senge, shangazi ya mke wangu, mkongwe mwembamba asiyeweza kuinua hata kuku mnene.

Nikasimama nyuma ya migomba, nimewapa mgongo. Mama mkwe hakusema nami. Maneno yalipita kwa senge, ingawa sote tulikuwa tunasikia.

"Mwambie mkwe gari lake lipige magoti."

"Mkwe, umesikia? Lipige magoti."

"Senge, mwambie mama halipiganga."

Wakajaribu kigoda. Wakajaribu kinu cha kutwangia, kikabiringika, naye akaanguka. Mimi nilisikia kishindo tu. Niende kumwinua? Siruhusiwi! Nikaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu ili nisisikie zaidi, mwanamume mzima, ndani ya migomba.

Mwishowe senge akapata wazo. Kwenye uwanja wa mnada kuna kilima cha udongo ambacho ng'ombe hukipanda ili waingie kwenye malori. Mama mkwe akaenda huko kwa miguu, akapanda kilima na kusimama juu yake. Nami nikarudisha gari kinyumenyume bila kumtazama, kioo nimekigeuza kando, senge akipiga kelele, "Ludi! Ludi! Bado!" Watu wa misa walikuwa wanapita. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe akauliza huyu anakwenda bei gani. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe akaingia, akaketi.

Kanisani Kakamega hakuna kilima!

Wanaume wawili wakaja kumshusha kwa mikono. "Nimepakiwa kama ng'ombe," akawaambia, "sasa mnataka nishushwe kama gunia? Sitoki." Nikakimbia ndani kumwita Rosa, nikakuta padri ameshaanza, na padri hangoji mtu. Mtoto akabatizwa jina la marehemu huku mama mkwe, bintiye marehemu huyo, amekaa nje, ndani ya gari langu. Maji yalipomgusa mtoto akalia. Tukasikia na bibi yake analia kule nje, kanisa zima likanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze.

Rosa alitoka na mtoto, akakwea gari kwa magoti, akamweka mikononi mwa mama yake. Hakunitazama.

"Tupeleke Malava."

"Utarudi lini, mama watoto?"

"Wewe endesha."

Nikaendesha. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikampeleka mke wangu na mtoto wangu kwenye kilima cha ng'ombe, nikawashusha.

Kesho yake nilivitoa vipande vile vya mvule nikavitia motoni. Nimetuma wazee Malava na kondoo na blanketi, kuomba radhi. Wamerudi na blanketi. Kondoo alipokewa, mimi sikupokewa. Nasikia mtoto ameota jino. Nasikia tu! Sijaliona.

Ndugu yangu unayesoma, ukinunua gari kuukuu liinue kidogo, inchi mbili, upite matope yako uende zako. Usitamani utosi wa watu. Na kabla fundi hajashika spana, mtume mkeo akapime goti la mama yake. Mimi sina wa kumtuma.