Mahali pa Kuitikia

Mwenzangu wa kutunga nyimbo aliokoka. Ndivyo tulivyoachana. Alikuja kwangu, mjini Baraka, akitoka ibadani, akakataa kiti.

"Dada, nyimbo za dunia nimeacha. Niko naenda Kilembwe, iko kwaya inaningojea."

Ukigombana na mtu, mtajibizana. Ukiambiwa ni Mungu, utamjibu nani? Nilimpa maji ya kunywa akaenda zake, na mpaka leo yale maji yananiuma.

Mji mzima uliamini kwamba yeye anatunga, mimi naimba tu. Uongo. Nusu ya maneno yalikuwa yangu. Basi nikaapa kwamba albamu inayofuata nitaitunga peke yangu, wanijue. Jirani akanikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamjibu kwamba mimi sitafuti chawa.

Nilitunga huku nachekecha unga wa muhogo, nikaenda kurekodi katika chumba nyuma ya duka la kuchaji simu, ukutani wamepigilia magodoro. Fundi wa sauti akanisimamisha.

"Mama, hapa nani anaitika?"

"Hakuna muntu."

"Sasa juu ya nini unanyamaza?"

Akanisikilizisha. Kweli, kila mwisho wa mstari nilinyamaza kidogo, ndipo nikaendelea. Hapo ndipo mwenzangu alipozoea kutia sauti yake: "Sema tena." Neno hilo hata waanika dagaa ufukweni walilijua. Nami, mjinga, nilikuwa nimemwekea kiti katika nyimbo nilizotunga ili nimsahau. Hasira zilinipanda.

"Kata," nikamwambia fundi. "Ziba matundu yote."

Akayaziba. Albamu ikatoka, waendesha pikipiki wakaipiga siku chache, wakairudia ile ya zamani. Mmoja wao alinieleza bila haya, nimekaa nyuma yake.

"Mama, nyimbo za sasa ziko zinakimbia sana, kama muntu iko anakimbia mvua. Mwenzako iko wapi?"

Mwenzako, mwenzako. Nilishuka kabla ya kufika, nikamalizia kwa miguu.

Kisha nikaitwa kuimba harusini, huko Nundu. Pale hapakuwa na fundi wa kunikatia. Nilianza na mstari niliouhangaikia kuliko yote: "Jembe la mama limekwisha makali, shamba bado linamwita." Mdomo ukanyamaza wenyewe. Na akina mama waliokuwa wakipakua ugali wakaitika kwa pamoja:

"Sema tena."

Hata hapa, yeye. Nilitaka kuwaambia kwamba neno hilo lina mwenyewe, walipeleke Kilembwe. Lakini mstari haukuwa wake. Hajawahi hata kuusikia. Na wale wanawake walikuwa wamesimama na miko mikononi, ugali unapoa, wanangoja niurudie.

Nikaurudia.