Siku Niliyodhani Dani ni Ndoto

Nilipokuwa mtoto, kwetu karibu na Oyugis, kulikuwa na sheria moja ambayo hata baba hakuibishia: ukipewa chakula ndotoni, usile. Nyanya yangu, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Dani, alisema anayekulisha usingizini ni mchawi, na ukishameza chake umekuwa wake. Nilimwamini kabisa. Hadi leo sijui kama nimeacha.

Basi alfajiri moja nikaota nimeamka. Ndiyo, niliota nimeamka, nimenawa uso, nimeketi jikoni, na Dani akanipa kikombe cha uji wa wimbi. Nilikuwa nimekifikisha mdomoni nilipozinduka. Nikamshukuru Mungu, nikanawa uso, nikaketi jikoni. Dani akanipa kikombe cha uji wa wimbi.

"Sitaki," nikasema.

"Unaumwa?"

"Dani, nitajuaje kama sasa nimeamka?"

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanifinya shavu. Niliumia, lakini hata ndotoni kikombe kilikuwa kimeniunguza vidole. Nikamuuliza jina la babu, akalitaja. Hilo nalo halikunisaidia, maana hata mimi nililijua, na ndoto ilikuwa yangu.

Kufikia mchana nilikuwa sijatia kitu tumboni. Nilipoinama kuchota maji nikashikwa na kizunguzungu, Dani akanidaka mkono. Sasa hakucheka. Aliniketisha kivulini, akaweka mbele yangu ugali na samaki wa kukaanga.

"Unasema mimi ni wa ndoto yako?"

"Labda."

"Haya. Niambie ninawaza nini sasa hivi."

Nikamkazia macho. Nilijaribu kweli kweli. "Unawaza... nile?"

"Wapi! Nawaza vile samaki anapoa na wewe humtaki. Wacha nile mimi." Akang'oa kichwa, sehemu niliyoipenda kuliko zote, akaanza kufyonza jicho.

"Dani! Hicho ni changu!"

Nilimnyang'anya, nikakila chote hadi mifupa ikabaki myeupe, naye akicheka huku akijifuta machozi kwa leso. Nilipomaliza ndipo nikaogopa. Sikupatwa na lolote isipokuwa shibe.

Juzi mpwa wangu anayeishi Suna aliniambia ameona kwenye simu watu wakisema dunia yote hii huenda ni mchezo wa kompyuta, nasi tumo ndani hatujui. Alikuwa amenyong'onyea, maskini. Sikumcheka. Jibu sina, na Dani hakuwa nalo pia. Yeye alitaka tu nile. Lakini mchana ule, kabla sijamwamini samaki, nilimwamini yeye, kwa sababu kichwani mwake mlikuwa na wazo ambalo mimi nisingeweza kumtungia. Nimeolewa, nimelea watoto, na bado watu wangu wa karibu husema mambo ambayo sikuyatarajia hata kidogo. Kila wanaponishangaza hivyo, moyo wangu hutulia, nikaendelea na shughuli zangu kama mtu aliye macho.