Migomba ya Mama Ndani ya Ua

Migomba tuliyokuwa tukiifanyia utafiti huku Embu ilitoka kwa mama yangu, karibu na Mikinduri. Tulipotafuta aina ya kienyeji nilimwomba machipukizi, naye akanichimbulia yaliyonona kuliko yote. Kwetu mbegu hainyimwi mtu, na aliyepewa hujua kuna siku naye ataombwa.

Maabarani tuliitia jeni ya kutengeneza kingamwili, askari wa mwilini ambao mmea hauzaliwi nao, ili wawakamate bakteria wa mnyauko. Tukaipanda ndani ya ua wa waya, tukaiambukiza makusudi. Ikanawiri ajabu. Nilifurahi kama mtoto.

Kisha mnyauko ukaingia kwa mama. Majani yakageuka manjano, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, na shina likikatwa linatoa usaha. Ni mimi niliyemwambia ang'oe shamba lote. Hakubisha, mtoto wake amesoma. Tuling'oa pamoja, yeye akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, mimi nikikwepa kumtazama usoni. Majirani nao hawakuacha kunichokoza: mganga hajigangi!

Jioni mama akaniuliza, "Na ile ndizi ulitoa hapa, iko aje?"

"Iko salama, mama."

"Basi niletee kamoja tu. Nitapanda huko nyuma ya choo, hakuna mtu ataona."

Nikamweleza kwamba bado haijaidhinishwa, hata jani haliruhusiwi kutoka nje ya ua.

"Kwani si ni yangu?"

Sheria ile niliiamini, na bado naiamini. Lakini nilijiona mchoyo, na juu ya uchoyo, mwizi.

Jaribio lilipoisha tuliagizwa kuangamiza kila kitu. Nilichimbua migomba mizima, yenye afya, nikaikatakata, nikaimwagia mafuta shimoni na kuiwasha kwa mikono yangu hii. Nililia, nikasingizia moshi.

Nilipokwenda nyumbani tena, nilimkuta mama ametoka soko la Gakoromone kununua ndizi, mwanamke ambaye maisha yake yote alikuwa akiwauzia wengine. Alizipika na maharagwe, akanijazia sahani, yake akaweka vipande viwili vitatu. Nikamuuliza mbona hali.

"Wewe kula," akasema. "Unisamehe tu, leo si za kwetu."