Mgongo Ulioambiwa Uongo

Mtoto ukimbeba kwa kanga, naye anakubeba. Miguu inakubana kiunoni, shavu linalala. Wangu wa mwisho hakunishika. Nikiinama kuokota korosho anateleza upande mmoja, anajikaza kama gogo, kichwa kinarudi nyuma. Nilishabeba wawili kabla yake, nilijua mgongo wangu unasema nini. Hata ukimvuta mikono akae, kichwa kilibaki nyuma. Akijigeuza alianguka mzima mzima, tena upande uleule.

Nilisema. Kliniki, nesi alimtundika kwenye mzani akacheka. "Mama, kibonge hivi, unataka nini tena?" Alipima kilo, basi. Huyo simsahau.

Lakini mwenye kosa kubwa ni mama mkwe wangu, kule Nandagala. Alichimba shimo nyuma ya jiko, tukamkalisha mtoto humo, mchanga mpaka kiunoni, ndivyo tunavyofanya mtoto akichelewa kukaa. Wengine humo wanacheza, wanakula mchanga. Wangu alitazama vidole vyake vinavyopepea, hata nikimwita. Tulipomtoa akalala chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Mama mkwe akasimama na jembe lake, watu wanasikia.

"Huyu umembemenda na nani?"

Yaani nanyonyesha, huku nalala na mwanamume wa nje, ndiyo maana mtoto kalegea. Wifi yangu akadakia, "Sema tu wifi, ni wa machimboni Namungo au wa mnadani?" Wakacheka.

Mume wangu alikuwa palepale anachonga mpini. Msimu mzima tulikuwa shamba moja, tunalala banda moja. Alijua. Hakuinua kichwa. Yeye sijamsamehe.

Nikarudi kwetu Nachingwea na mtoto mgongoni. Wale wawili wakubwa walikatazwa kunifuata.

Alipokuwa mkubwa wa kukimbia, hasemi neno, anatembea kwa ncha za vidole, daktari akaniambia ni usonji. Nikamweleza habari za mgongo. Akaacha kuandika, akanisikiliza. Akasema wapo watoto wanaojikaza hivyo na wanakua vizuri tu, ila kwa wengine ndiyo dalili ya mwanzo, ilifaa aangaliwe mapema. "Kazaliwa nao, mama. Hukumfanya kitu."

Sikupitia nyumbani. Nilipanda gari mpaka Nandagala. Mama mkwe alikuwa anapepeta ufuta. Nikamweleza lote, nimesimama juani, hakunikaribisha kukaa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo daktari," akasema, "alikuwa analala kwenu?"

Akaendelea kupepeta.

Maneno yale yalinitangulia Nachingwea. Mpaka leo msibani wanawake wanapokezana vichanga, mimi wananiruka, eti nisije nikawabemenda. Nakaa mwisho wa mkeka. Mwanangu anazunguka uwanja kwa vidole vyake, na akichoka anakuja nyuma yangu, anaketi, anaegemeza mgongo wake kwenye wangu. Hashiki. Nami sigeuki, maana nikigeuka ataondoka.