Naitrojeni ya Mwalimu Nekoye

Watu wa Kibomet waliniita Fahali wa Pikipiki, na sikukasirika. Kazi yangu ilikuwa kupelekea ng'ombe mbegu ya fahali wa gredi, nayo huhifadhiwa ndani ya naitrojeni, maji yenye baridi ya kuua kidole. Lakini leo sijisifu mimi. Namsifu Nekoye, mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana karibu na Myanga, mwanamke mfupi asiyejua kurudi nyuma.

Chuo kikuu alisomea vitu ambavyo vikipoa sana hupitisha umeme bila kuupinga hata chembe. Alinieleza kwamba vinafaa kwa mashine za kukuza mawimbi mafupi mno ya redio, zisikie ishara hafifu za angani bila kuzifunika kwa kelele zao zenyewe.

"Ukitaka kusikia mtu akinong'ona, si unyamaze wewe kwanza?" akaniuliza. Hapo nikaelewa.

Mwaka 1990 bodi ya shule ilitaka kufuta fizikia, wasichana wafundishwe upishi tu. Nekoye akaomba awaonyeshe somo moja kabla hawajaamua. Alikuwa na sumaku ndogo na kidonge cheusi cha vitu hivyo, alichopewa na profesa wake. Baridi ingetoka kwangu, maana siku hiyo nilikuwa napeleka mbegu Kabuchai, kwa ng'ombe wa Mzee Wakhungu, mwenyekiti wa bodi hiyo hiyo.

Alimimina nusu ya naitrojeni kwenye bakuli la udongo. Ikachemka, ikaisha kabla kidonge hakijapoa. Sumaku iliyotakiwa kuelea ikalala juu yake tu. Wazee wakaangua kicheko, nami nikaona aibu kwa niaba yake.

"Kiptanui, lete iliyobaki."

"Mwalimu, hiyo ikitoka, mbegu ya Mzee inakufa."

Akamgeukia Wakhungu. "Mzee, ng'ombe yako itaitisha fahali tena baada ya wiki tatu. Hawa wasichana mkiwafungia leo, wamefungiwa."

Mzee akajikuna kidevu. "Mimina, bana. Lakini isipofanya kazi, tutaonana."

Safari hii bakuli lilikuwa limeshapoa. Naitrojeni ikatulia, Nekoye akashusha sumaku, ikabaki hewani juu ya kidonge. Wakhungu akaisukuma kwa kijiti, ikazunguka bila kuanguka. Hakuna aliyecheka. Nilivimba kichwa utadhani nimemzaa mimi.

Fizikia haikufutwa. Kufikia 1998, wasichana wake wawili walikuwa mainjinia wa simu. Mimi nimezalisha ndama kutoka Kitale hadi Bungoma, lakini mbegu ninayojivunia zaidi ni ile niliyoiacha ife siku hiyo.